Bikari, protrakta au programu: uchague ipi kuchora pembetatu?

Ukipewa pande tatu za pembetatu, protrakta haikusaidii bila kufanya hesabu ya ziada. Ukipewa pembe ya nyuzi 50, bikari haikupi pembe hiyo hata ukeshe nayo. Programu ya jiometria inafanya yote mawili kwa sekunde chache, ila swali likiandikwa "kwa bikari na rula pekee" inabaki nje. Wanaouliza "njia bora ni ipi?" mara nyingi huwa hawajatazama walichopewa, na ndicho kinachoamua zaidi kuliko mazoea au kifaa kilicho karibu.

Vigezo

Njia zote zitapimwa kwa maswali haya. Umepewa nini: pande, pembe, au vyote kwa pamoja? Kosa dogo la mkono linakua kiasi gani likifika kwenye mchoro? Njia yenyewe inakuonyesha sababu, yaani kwa nini pembetatu hiyo ni moja tu, au ziko mbili, au haipo kabisa? Inachukua muda gani, na inadai vifaa gani? Na mwishoni, inamfaa nani?

Ili tusipendelee, tutatumia pembetatu ileile kila mahali: pande za sm 8, sm 7 na sm 5. Haikuokotwa tu. Pembe iliyo kati ya upande wa 8 na upande wa 5 ni nyuzi 60 kamili kwa kanuni ya kosaini, inayounganisha pande tatu za pembetatu na pembe yake moja: 8² + 5² − 7² = 40, na 40 ukigawanya kwa 2 × 8 × 5 unapata 0.5, ambayo ni kosaini ya nyuzi 60. Kwa hiyo unaweza kuichora kwa kutumia pande, au kwa kutumia pembe hiyo, kisha ukajikagua kwa kipimo ambacho hukukitumia. Pembe zake nyingine ni takriban nyuzi 81.8 na 38.2. Tuziite ncha zake A, B na C: AB ni sm 8, AC ni sm 5, BC ni sm 7, na nyuzi 60 ziko A.

1. Bikari na rula

*Unachopewa.* Bikari hupenda pande. Chora AB ya sm 8. Panua bikari sm 5, simika sindano kwenye A, piga tao. Panua sm 7, simika sindano kwenye B, piga tao la pili. Matao yanapokatana ndipo C ilipo. Hakuna pembe uliyoipima, lakini ukiweka protrakta pale A utasoma 60.

Kwa masharti makali ya jiometria rula hii haina namba. Urefu unapewa kama kipande cha mstari kilichokwisha chorwa, nawe unakihamisha kwa bikari. Darasani tunalegeza sharti: tunapima sm 8 kwenye rula yenye namba, kisha bikari inaendelea na kazi. Hakuna ubaya, mradi usivuke kutoka kupima urefu hadi kupima pembe, maana hapo utakuwa umeingia kwenye njia nyingine bila kujua.

Kwenye pembe, bikari ina uwezo mkubwa na mpaka mgumu. Nyuzi 60 zinakuja karibu bure: piga tao kutoka A, na bila kubadilisha upana piga jingine kutoka pale tao la kwanza lilipokata mstari. Pembe hiyo ukiigawa sehemu mbili sawa unapata 30, ukirudia unapata 15. Mstari wa pembe mraba unakupa 90, na nusu yake 45. Changanya na utapata 75, 105, 120, 135. Ukiweza kuchora pembetano yenye pande na pembe zote sawa, pembe yake ya nje inakupa 72. Toa 60 zibaki 12, gawa upate 6, gawa tena upate 3. Na hapo ndipo mwisho. Pembe yenye idadi kamili ya nyuzi inachoreka kwa bikari na rula ikiwa tu idadi hiyo inagawanyika kwa 3. Nyuzi 20, 40, 50 na 70 hazimo. Hili halitokani na uzembe wa wachoraji: mwaka 1837 mwanahisabati Pierre Wantzel alithibitisha kwamba hakuna ujenzi wa bikari na rula unaoweza kugawa kila pembe sehemu tatu sawa, na pembe ya nyuzi 60, ambayo theluthi yake ni 20, ni mmoja wa mifano inayokataa. Ukiambiwa uchore pembetatu yenye pembe za 50, 60 na 70 kwa vifaa hivi tu, jibu sahihi ni kwamba haiwezekani.

Kuna jambo ambalo wengi hulipita. Mpaka huo unahusu pembe iliyotajwa kwa namba. Pembe ikiwa imechorwa tayari, bikari inainakili iwe ya nyuzi 50 au 50 na robo. Piga tao kutoka kwenye ncha ya pembe hiyo likate mikono yote miwili, piga tao la upana uleule kwenye mstari wako mpya, pima kwa bikari umbali kati ya nukta mbili za kwanza, kisha uhamishie kwenye tao jipya, unganisha. Kwa nini inafaa? Kwa sababu kisirisiri umejenga pembetatu ya pande tatu zilezile, na pande zikilingana pembe nazo hulingana.

Bikari inakwenda mbali zaidi ya pande na pembe. Ukipewa urefu wa mistari mitatu inayotoka kila ncha hadi katikati ya upande wa pili, unaweza kuijenga pembetatu yake. Ukipewa vimo vitatu pia inawezekana. Ukipewa urefu wa mistari mitatu inayogawa pembe nusu kwa nusu, kwa jumla haiwezekani. Maswali ya namna hii ni uwanja wenye utajiri wake: mwaka 1982 William Wernick alipanga matatizo 139 ya kujenga pembetatu kutokana na nukta tatu maalumu zilizokwisha wekwa mahali pake.

*Usahihi.* Watu husema bikari ni sahihi kuliko protrakta. Inategemea matao yanakutana vipi. Kwenye pembetatu yetu, bikari ikipanuka nusu milimita zaidi kwenye upande wa 7, pembe ya A inahama kama nyuzi 0.6. Kosa lilelile kwenye upande wa 5 halifiki hata nyuzi 0.1. Sasa jaribu pembetatu bapa: 8, 5 na 3.2. Matao yanapita yakigusana ubavuni, na mahali yanapokatana panakuwa doa refu badala ya nukta. Kimo chake ni kama sm 0.88 tu, na kuongeza nusu milimita kwenye ule wa 3.2 kunapandisha kilele kwa zaidi ya milimita moja. Kanuni ya kazi: matao yakikatana karibu na pembe mraba, amini nukta; yakiteleza moja juu ya jingine, itilie shaka.

Mengine ni utunzaji wa kifaa. Skrubu iliyolegea inaharibu kazi kuliko mkono unaotetemeka, na penseli butu ina unene wa nusu milimita peke yake.

*Sababu.* Hapa bikari haina mpinzani. Kila nukta kwenye tao la kwanza iko sm 5 kutoka A. Kila nukta kwenye la pili iko sm 7 kutoka B. Zinapokutana, masharti yote mawili yametimia. Uthibitisho uko kwenye mchoro wenyewe. Euclid, aliyefanya kazi Alexandria yapata mwaka 300 KK, alianza jiometria yake kwa ujenzi huu katika umbo lake jepesi: duara mbili zenye nusu kipenyo kimoja, na pembetatu yenye pande sawa katikati yake.

Jaribu pande 8, 4 na 3. Matao hayafikiani. Jaribu 8, 5 na 3: yanagusana juu ya AB yenyewe, na "pembetatu" inalala ikawa mstari. Mwanafunzi aliyeona hivyo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa kwamba jumla ya pande mbili lazima izidi wa tatu.

Kisa kizuri zaidi kinatoka kwenye pembetatu yetu. Tuseme hukuambiwa upande wa 5; umepewa AB ya sm 8, pembe ya nyuzi 60 pale A, na BC ya sm 7. Chora mstari unaopanda kutoka A kwa nyuzi 60, kisha kutoka B piga tao la sm 7. Tao linaukata mstari huo mara mbili: sm 3 kutoka A, na sm 5 kutoka A. Pembetatu mbili tofauti kabisa zimetimiza masharti yaleyale. Ndiyo maana mpangilio wa "upande, upande, na pembe isiyo kati yake" hauhesabiwi kuwa unatosha kuthibitisha kwamba pembetatu mbili ni sawa. Bikari inakuonyesha hilo hata kabla hujauliza. Ila uwe na mkono mtulivu: umbali mfupi zaidi kutoka B hadi kwenye ule mstari ni kama sm 6.93, kwa hiyo tao la sm 7 linaupitia kwa kuukwaruza. Nusu milimita pungufu na nukta ya sm 5 inarudi nyuma zaidi ya milimita 4. Punguza milimita moja kamili, na hakuna pembetatu.

*Muda na vifaa.* Polepole. Pembe ya nyuzi 75 inadai matao mengi, na karatasi hujaa. Usiyafute: matao ndiyo kazi yako, na mtahini anayatafuta kabla ya kupima chochote. (Rula ikivunjika, usihuzunike sana: Georg Mohr mwaka 1672, na Lorenzo Mascheroni mwaka 1797, walionyesha kwamba kila nukta inayopatikana kwa bikari na rula hupatikana kwa bikari peke yake. Sikushauri kujaribu ndani ya mtihani.)

*Inamfaa nani.* Anayejiandaa kwa mtihani wenye sharti la vifaa, anayejifunza kuthibitisha, na fundi anayehamisha vipimo kutoka kitu halisi bila kupitia namba. Haimfai mwenye orodha ya pembe za namba ovyoovyo.

2. Protrakta na rula

*Unachopewa.* Ukiwa na pande mbili na pembe iliyo kati yake, au upande mmoja na pembe za ncha zake mbili, njia hii ni ya moja kwa moja. Kwa pembetatu yetu: chora AB ya sm 8, weka kitovu cha protrakta pale A, tia alama kwenye 60, vuta mstari, pima sm 5 uweke C, unganisha na B. Pima BC, isipokuwa 7, kuna mahali umeteleza. Nyuzi 50 au 70 hazina shida yoyote hapa. Ukipewa pande tatu bila pembe, ndipo unapobaki kutafuta kosaini kwanza, au kuchukua bikari.

*Usahihi.* Protrakta ya kawaida inasoma nyuzi moja moja. Nusu ya nyuzi unaikadiria kwa jicho. Kosa la nyuzi 1 kwenye A linabadilisha BC kwa karibu milimita 0.9, jambo linalovumilika. Lakini kosa la pembe hukua kadiri mstari unavyorefuka: kwa umbali wa sm 10 ni kama milimita 1.7, na kwa sm 30 linapita milimita 5. Kwenye daftari hutaona. Kwenye ubao au kwenye mbao utaona. Faida yake iko kwa pembetatu bapa zile zinazoisumbua bikari: ukipewa pande mbili na pembe kati yake, hakuna matao ya kutelezeana.

Makosa makubwa si ya kifaa. Ni kusoma safu ya ndani ya namba badala ya ya nje, ukapata 120 ulikotaka 60. Au kuweka ukingo wa plastiki kwenye mstari badala ya ule mstari wa sifuri uliochorwa juu kidogo ya ukingo. Kabla ya kutia alama, jiulize kama pembe unayoitaka ni kali au butu.

*Sababu.* Hapa inapwaya. Protrakta inakuambia "ni 60" na wewe unaamini waliochapa zile namba. Kile kisa cha pembetatu mbili hakijitokezi chenyewe; unachora mstari wa nyuzi 60, unazungusha rula kutoka B hadi 7 iguse mstari, unafurahi na ya kwanza uliyoipata. Ya pili inabaki bila kuonekana.

*Muda na vifaa.* Haraka kuliko zote za karatasi. Protrakta moja, rula moja, penseli.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi anayeanza kuzielewa pembe, mtu anayechora kwa skeli kutokana na vipimo vilivyosomwa mahali, na yeyote anayetaka mchoro wa kuaminika wa kusaidia hesabu.

3. Programu ya jiometria

Inayojulikana zaidi ni GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter nchini Austria mwaka 2001. Zipo nyingine zenye mantiki hiyohiyo.

*Unachopewa.* Chochote. Duara kwa kitovu na nusu kipenyo, pembe kwa ukubwa wake, mistari inayogawa pembe, mistari ya pembe mraba: vyote ni vitufe. Nyuzi 50 ni sawa na nyuzi 60.

*Usahihi.* Kwa kazi ya kawaida, makosa ya kukokotoa hayaonekani. Kile kisa cha tao linalokwaruza mstari, ambacho kwenye karatasi ni doa, hapa unakivuta karibu na kuona nukta mbili safi, 3 na 5. Lakini kuna mtego wake. Anayeanza huweka nukta C kwa jicho, juu ya mahali duara zinapoonekana kukatana, badala ya kuiagiza programu iweke nukta ya makutano. Picha inapendeza. Buruta A kidogo na kila kitu kinasambaratika. Kwa maoni yangu hilo ndilo jaribio bora la mchoro wa kompyuta: usioburutika bila kuvunjika haujajengwa, umechorwa tu.

*Sababu.* Ni kali kwa namna yake. Badilisha upande wa 7 kwa kitelezi ukiushusha taratibu, uangalie nukta mbili zikisogeleana, zikiungana, kisha zikitoweka kwenye 6.93. Hakuna karatasi inayoweza hivyo. Upande wa pili, kitufe cha "gawa pembe nusu kwa nusu" kinakupa jibu na kukuficha njia. Unaweza kumaliza kazi nzima usijue tao lipi lilifanya nini. Mwalimu makini huvifunga vitufe hivyo na kubakisha duara, mstari na makutano tu, na ghafla programu inageuka bikari isiyolegea skrubu.

*Muda na vifaa.* Haraka sana ukishaizoea, na unarekebisha bila kufuta. Inadai kompyuta au simu, na kwenye skrini ndogo kidole huziba nukta unayoitafuta.

*Inamfaa nani.* Mwalimu anayetaka kuonyesha mwendo, mchunguzi anayekisia kanuni kabla ya kuithibitisha, na mwenye kuandaa michoro ya kuchapisha.

Na njia mbili za pembeni

Zile pembetatu za plastiki za kwenye mkebe wa hesabu, moja ya nyuzi 45-45-90 na nyingine ya 30-60-90, zinatosha kabisa kwa pembe zote zinazogawanyika kwa 15. Kwa pembetatu mraba hakuna njia ya haraka kuzizidi. Nje ya hapo hazina la kusema.

Kukunja karatasi kunashangaza zaidi. Kunja karatasi katikati kwa wima na uifungue. Leta kona ya chini kulia hadi iguse mkunjo huo, ukihakikisha mkunjo mpya unapita kwenye kona ya chini kushoto. Nukta iliyoguswa pamoja na kona mbili za chini ni pembetatu yenye pande zote sawa na upana wa karatasi, bila chombo chochote. Na kwa ukunjaji unaoruhusu nukta mbili kupelekwa kwa pamoja kwenye mistari miwili, pembe inagawanyika sehemu tatu, jambo ambalo bikari na rula haziliwezi. Mwanahisabati Margherita Beloch alionyesha mwaka 1936 kwamba mkunjo wa namna hiyo hutatua milinganyo ya daraja la tatu, na kugawa pembe sehemu tatu huishia kwenye mlinganyo wa namna hiyo. Urefu wa sm 7 kamili, hata hivyo, kuupata kwa kukunja ni shughuli pevu.

Kulingana na hali yako

Mtihani ukitaja vifaa, mjadala umefungwa: tumia vilivyotajwa na uache matao yaonekane. Usipotaja, soma data. Pande tatu: bikari. Pande mbili na pembe katikati yake: protrakta, isipokuwa pembe hiyo ikiwa 60, 90 au nusu zake, hapo bikari inakwenda sambamba nayo. Upande mmoja na pembe mbili za namba yoyote: protrakta. Pembe tatu peke yake: usichukue chochote kwanza, rudi kwa aliyekupa swali, kwa sababu pembetatu za ukubwa usio na idadi zina pembe hizo, na kifaa hakiwezi kukuchagulia moja.

Ukiwa na pande mbili na pembe isiyo kati yake, anza na bikari hata kama pembe umeipima kwa protrakta, kwa sababu tao ndilo litakaloonyesha kama majibu ni mawili. Matao yakikwaruzana, ihamishie kwenye programu kabla ya kuamua ni moja, mbili au hakuna.

Unafundisha wanaoanza? Ningetanguliza protrakta ili pembe iwe kitu wanachokifahamu, kisha bikari, kisha programu, ingawa wapo wanaoanza na programu na madarasa yao yanafanya vizuri. Ukiwa unajisomea uthibitisho, kaa na bikari muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Ukichora kitu kikubwa, kwenye ubao, sakafu au mbao, acha protrakta ya plastiki mezani: kamba yenye kigingi na penseli hufanya kazi ya bikari yenye upana wowote, na pande tatu zilizopimwa kwa utepe zitakupa pembe safi kuliko utakayoisoma. Kwa kona ya pembe mraba, pande za mita 3, 4 na 5 zinatosha.